Kisu cha kazi: kazi ikiisha ghafla, wembe unakwenda wapi?

Chini ya kidole gumba cha mkono wangu wa kushoto kuna kovu lililopinda kama mwezi mwandamo. Nililipata mwaka wangu wa kwanza kama mtunza stoo, nikifungua katoni ambayo haikuwa na ugumu wowote. Kisu kilikuwa kipya na kilikata vizuri mno. Kilipita kwenye tepu kama kinapita majini, tepu ikaisha, ila nguvu niliyokuwa nimeiweka haikuisha. Mkono wa kulia ukaendelea na safari yake, wembe ukiwa nje sentimita nne nzima, ukaja kutua pale pale nilipokuwa nimeishikilia katoni kwa mkono wa pili.

Huu ni mwaka wangu wa 14 stoo. Visu vya idara nzima nanunua mimi, nagawa mimi, na vikikatika navizika mimi. Watu wananiuliza, "Dada, kisu gani kizuri?" Wanategemea niwatajie jina la kampuni. Mimi nawauliza: kazi ikiisha ghafla, wembe wako unakwenda wapi? Makali si hoja, kila kisu kipya kina makali. Sijawahi kumwona mtu aliyejikata katikati ya mkato. Wote niliowafunga kitambaa walijikata nusu sekunde baada ya mkato kuisha, au walipokuwa wakibadilisha wembe, au walipotia mkono mfukoni.

Kwa hiyo mwongozo huu unahusu hiyo nusu sekunde. Nazungumzia visu vya wembe wa kubadilisha, vile vya kufungulia mizigo, kukatia karatasi nene, zulia, povu, kamba. Visu vya jikoni vina wenyewe.

Anza na karatasi ukutani

Kabla hujanunua chochote, bandika karatasi pale unapofanyia kazi, na kwa wiki moja andika kila unachokata. Nilipofanya hivyo nilitegemea kupata orodha ndefu. Vitu vinne tu vilikuwa vikijirudia kila siku: tepu ya katoni, kamba ya plastiki inayofunga mizigo, nailoni inayozungushiwa paleti, na katoni zenyewe tukizibomoa ili zikae bapa. Zulia na povu vilitokea mara moja moja. Na kisu tulichokuwa tumepewa wote kilikuwa cha zulia.

Kisha pima unene. Ukuta wa katoni ya kawaida, ile yenye safu moja ya mawimbi katikati, una milimita 3 au 4 hivi. Wa safu mbili unafika 6 au 7. Tepu haifiki hata nusu milimita. Maana yake ni kwamba anayefungua katoni siku nzima anahitaji wembe utoke milimita 5 au 6, basi. Ukitoa zaidi ya hapo, unachokata ni kilichomo ndani. Nimewahi kufungua katoni ya mashuka kwa ule wembe wa sentimita nne, nikainua la kwanza, nikaona mkato ulionyooka kama umepigwa rula. Nikainua la pili, nao upo. La tatu, upo. La nne ndilo lililopona.

Urefu wa wembe nje ya mpini ndiyo hatari unayoibeba, na watu wengi wanaibeba bure. Ukiona kisu kina hatua za kutoa wembe, kidogo, wastani, wote, hicho tayari kina akili kuliko kinachotoa wote au hakitoi kabisa.

Kile chembamba cha kuvunja

Kinachojulikana kuliko vyote ni kile chenye wembe mrefu uliochanjwa mistari ya mshazari, ambao ncha ikibutuka unavunja kipande na kupata ncha mpya. Kilibuniwa Japani mwaka 1956 na Yoshio Okada, aliyekuwa akifanya kazi za karatasi kwenye kiwanda cha uchapaji. Alichoka kutupa wembe mzima kwa sababu ncha tu imekwisha, akawaza vile vigae vya kioo kilichovunjika vinavyokuwa na makali mapya, na vile bamba la chokoleti linavyovunjika kwenye mistari yake. Kampuni yake ikaja kuitwa OLFA, jina lililotokana na maneno ya Kijapani ya kuvunja na ya wembe. Nalisimulia hili kwa sababu linakueleza kisu chenyewe: kilizaliwa kwa ajili ya karatasi. Kwenye karatasi hakina mshindani. Kwenye mikono ya mtu anayebomoa katoni mia mbili kwa haraka, ni hadithi nyingine.

Utakutana nacho kwa upana wa aina tatu. Wa milimita 9 ni wa karatasi, stika, kazi za mkono uliotulia. Wembe wake una unene usiofika nusu milimita na ukiusukuma pembeni unapinda kama jani. Wa milimita 18 ndio wa kazi nyingi: katoni, zulia jembamba, karatasi ya ukutani. Wa milimita 25 ni wa povu nene na vifaa vya ujenzi, na kwa kweli mtu wa ofisini hana haja nao.

Angalia kufuli kuliko unavyoangalia rangi. Kuna la kitufe kinachojifunga chenyewe ukiacha kusukuma, na kuna la gurudumu dogo unalolikaza kama skrubu. La kitufe ni la haraka na linafaa kazi nyepesi. Kwa kazi ya kukandamiza, chukua la gurudumu, maana vimeno vya kitufe vikichakaa wembe huanza kurudi ndani au kutoka nje wenyewe, na wewe ulishauamini. Visu vya plastiki tupu, ambavyo wembe wake unateleza kwenye mfereji wa plastiki bila bamba la chuma ndani, sivinunui hata nikipewa dazeni. Ukivikandamiza, mfereji unapanuka na wembe unacheza.

Na namna ya kuuvunja. Hapa nakaa kidogo kwa sababu nimeona mambo. Vaa miwani ya kinga kwanza. Kipande kikikatika kinaruka, na hakichagui upande. Toa kipande kimoja tu nje ya mpini, funga kufuli. Geuza kisu hadi uso wenye michanjo uwe juu. Kibane kile kipande cha mwisho kwa plaizi, au kitie kwenye mwanya wa kifuniko cha nyuma cha mpini kama kisu chako kinao, kisha bonyeza kuelekea chini, yaani mchanjo ufunguke na usijikunje. Utasikia mlio mdogo mkavu. Kipande kibaki kwenye plaizi, kiende kwenye kopo. Usivunjie ukingoni mwa meza, na usivunje kwa vidole hata kama fundi fulani uliyemwona anafanya hivyo huku anapiga soga.

Ukitoa vipande vitatu au vinne nje na kukandamiza, wembe utavunjika mahali unapopenda wenyewe. Mistari ile imewekwa ili uvunjike. Wembe unatii tu.

Wembe mfupi wenye pembe nne

Aina ya pili ni ile yenye wembe mfupi mnene, umbo la trapeza, unaokaa ndani ya mpini wa chuma au plastiki ngumu. Wembe una urefu wa milimita 60 hivi na unene unaozidi kidogo nusu milimita, na una ncha mbili: moja ikibutuka unaugeuza. Huu haupindi ovyo, ndiyo maana mafundi wa zulia, wa dari na wa mbao za jasi wanaupenda. Ukikata mbao za jasi, unachanja karatasi ya juu mara moja au mbili tu kisha unavunja kwa mikono. Anayejaribu kuukata ubao mzima kwa wembe anajichosha na anaongeza nafasi za kuteleza.

Aina hii ina ndugu watatu wanaofanana usoni na kutofautiana tabia. Wa kwanza, wembe haurudi kabisa. Umebanwa nje muda wote. Achana naye isipokuwa una ala unayoivaa kiunoni na kazi inayokulazimu. Wa pili, unausukuma nje na kuurudisha ndani kwa kidole. Huyu ndiye aliyejaa duniani, na kosa lake ni moja: anategemea ukumbuke. Saa nne asubuhi utakumbuka. Saa kumi jioni, simu ikiita, utakiweka juu ya katoni wembe ukiwa nje, na mwenzako atainua ile katoni.

Wa tatu ana springi, na hapa ndipo pesa yako inapofaa kwenda.

Visu vinavyojirudisha

Viko vya namna mbili na wauzaji wengi wanavichanganya, kwa hiyo sikiliza vizuri. Namna ya kwanza: unasukuma kitufe, wembe unatoka, na unabaki nje muda wote unaokibonyeza kitufe. Ukikiachia, springi inaurudisha. Kinasaidia sana kwa yale ya kusahau, ya mfukoni na ya juu ya katoni. Lakini kumbuka kovu langu. Mkono ukiteleza, vidole haviachii. Mtu akishtuka hubana. Wembe unabaki nje kwa sababu umebonyeza kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo.

Namna ya pili imelifikiria hilo. Unasukuma wembe nje, unauchomeka kwenye katoni, na mara tu unapoanza kuvuta, kitufe kinakuwa hakina kazi tena. Kinachoushikilia wembe nje ni ule mgandamizo wa kitu unachokikata. Wembe ukitoka kwenye ubao wa katoni, umefika mwisho au umeteleza, unajirudisha hata kama kidole bado kimekaa pale pale. Hiki ndicho kisu kinachojibu swali langu. Nilipokileta mara ya kwanza, mabingwa wa stoo walilalamika siku mbili kwamba kinawachelewesha, maana inabidi usukume upya kila mkato. Siku ya tatu walizoea. Siku ya nne kuna mmoja nilimsikia akisema "hiki cha kwangu kisiguswe."

Kosa linalofanyika nacho: mtu anafunga tepu juu ya kitufe ili wembe usirudi. Nimevua tepu hizo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ukimwona mtu amefunga tepu, usianze na ukali, muulize anakata nini. Mara nyingi utagundua ulimpa kisu kisichofaa: anakata karatasi ndefu ya mita mbili kwa mkato mmoja, na kile kisu kinakatiza kazi yake. Mpe cha kuvunja na rula ya chuma, tepu itaondoka yenyewe.

Kuna na vile ambavyo wembe hauonekani kabisa. Umefichwa ndani ya mdomo mwembamba kama wa samaki, unaupitisha kwenye nailoni au kamba na unavuta. Kidole hakiingii. Kwa nailoni ya paleti na kamba za plastiki hakuna kitu bora kuliko hiki, na wapya wote wanaanza nacho. Hakiwezi kukata katoni nene wala kuchonga kona, na hakijidai kuweza.

Kamba za chuma ni jambo jingine kabisa. Hizo hazikatwi kwa kisu chochote, ni mkasi wake maalumu, na kabla ya kukata simama pembeni ya mstari wa kamba, si mbele yake, kwa sababu imevutwa na ikikatika inachapa.

Dakika tano dukani

Usinunue kisu kilicho ndani ya plastiki bila kuomba kilichofunguliwa. Kama muuzaji hataki, hiyo pia ni habari. Ukikipata mkononi, fanya haya kwa mpangilio unaoutaka.

Kitoe wembe, ufunge, kisha ubonyeze ncha taratibu kwenye kipande cha mbao, kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa mbali. Ukirudi ndani hata milimita moja, kirudishe kisu mezani. Halafu uegemeze ubavu wa wembe kwenye ile mbao na uusukume kushoto na kulia. Mchezo kidogo upo kwenye kila kisu; mchezo wa kusikika kama meno yanayogongana, hapana.

Badilisha wembe. Hili watu hawalifanyi dukani na ndipo wanapojutia nyumbani. Kuna visu vinavyofunguliwa kwa kitufe ubavuni na wembe unatoka bila kifaa, na kuna vinavyotaka bisibisi, nusu mbili za mpini zinaachana, springi inaanguka chini ya meza. Kisu ambacho ni shida kubadilisha wembe ni kisu kitakachotumika kikiwa butu, kwa sababu mwanadamu ni mvivu, na mimi nikiwemo. Na wembe butu ndio unaokutaka uongeze nguvu, na nguvu ndiyo inayobaki mkato ukiisha.

Kishike na glavu unazovaa kazini. Kitufe kilichokuwa laini kwa kidole kitupu kinaweza kupotea kabisa chini ya glavu. Angalia kama mpini una kizuizi mbele, kile kituta kinachozuia vidole kuteleza hadi kwenye wembe. Mpini mzuri mviringo usio na kituta ni mzuri kwa picha tu. Kama wewe ni wa mkono wa kushoto, jaribu kitufe kwa mkono huo huo. Vingi vimetengenezwa kwa wa kulia na muuzaji atakuambia "utazoea". Usizoee. Viko vyenye kitufe juu katikati, vinavyotumika kwa mikono yote miwili.

Rangi niliyoidharau mwanzo, sasa nainunua kwa makusudi: chungwa, manjano, kijani kinachoumiza macho. Kisu cha kijivu juu ya sakafu ya kijivu utakipata kwa kiatu.

Wembe wenyewe

Usichague wembe kwa kung'aa. Ule wa kawaida ni wa chuma cha kaboni: mkali, rahisi kuupata, na unaota kutu ukilala sehemu yenye unyevu. Wa chuma cha pua hauoti kutu upesi, lakini ule wa bei ya chini hubutuka mapema. Upo unaounganisha metali mbili, mgongo wa chuma kinachopinda na ukingo wa chuma kigumu. Huu hauvunjiki kirahisi na unadumu, na kwa anayekata siku nzima unajilipa. Wa kauri hauoti kutu wala hauna sumaku, na makali yake yanakaa muda mrefu sana, ila ukiupindua pembeni ukijaribu kubandua kitu, unavunjika. Kwa vyovyote wembe wa aina yoyote si bisibisi. Mfuniko wa kopo la rangi una kifaa chake.

Ncha nayo ina maana. Ncha kali inahitajika kama unachoma katikati ya kitu au unafuata mstari mwembamba wa karatasi. Kama unafungua katoni kuanzia ukingoni, chukua wembe wa ncha ya mviringo. Unakata vile vile, na ukianguka kwenye paja hauchomi kama msumari. Kwa zulia na karatasi ya paa kuna wembe wa ndoano: unaingiza chini, unavuta, na sakafu iliyo chini inabaki salama.

Wembe ubadilishwe lini? Sifuati siku. Ukiona karatasi inaanza kuchanika badala ya kukatika, ukiona unga wa katoni unajikusanya kando ya mkato, au ukijikuta umekunja taya, umekwisha.

Mkono wa pili

Kila mtu anaangalia mkono ulioshika kisu. Anayekatwa ni ule mwingine. Kabla ya mkato, jiulize wembe ukiteleza sasa hivi utapita wapi, kisha uondoe kila chenye damu kwenye njia hiyo: mkono, paja, tumbo, na mwenzako aliyesimama ng'ambo akikushikia katoni kwa wema. Vuta kwa mshazari kando ya mwili, usivute kuelekea kifuani. Kitu kinene kikate kwa mikato mitatu myepesi badala ya mmoja wa hasira.

Rula iwe ya chuma, na ikiwezekana yenye ukuta ulioinuka wa kulinda vidole. Rula ya plastiki wembe huipanda. Unaanza kwa kuchonga ukingo wake bila kujua, kisha unapanda juu, na juu ndipo kidole kilipo.

Glavu ivae kwenye mkono usioshika kisu kama huna ya mikono yote miwili. Kwenye glavu za kiwango cha Ulaya, EN 388, toleo la mwaka 2016, utaona herufi ya A hadi F inayoonyesha uwezo wa kuhimili mkato. A ni ya chini, F ya juu. Kwa katoni na kamba, C inanitosha, kwa sababu naweza bado kuhisi tepu kwa vidole. Lakini herufi hiyo ni ya mkato, si ya kuchomwa. Ncha kali ya wembe inaingia katikati ya nyuzi bila kuomba ruhusa.

Kisu kikianguka, kiache kianguke. Rudisha mguu, usinyooshe mkono. Hili nililirudia kama wimbo mpaka wakaanza kunitania.

Na ikitokea umejikata, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuchungulia chungulia, dakika kumi kwa saa, mkono ukiwa juu. Damu isipotulia, jeraha likiwa linapanuka kama mdomo, au kidole kikikataa kukunjuka au kikawa na ganzi, nenda hospitali. Hapo huenda mshipa wa fahamu au kano imeguswa. Waulize na kuhusu chanjo ya pepopunda, usikumbushwe wewe.

Kinapokaa, na wembe unapozikwa

Kisu kisichokuwa na makazi hukaa mfukoni. Kwangu kila kisu kina ndoano yenye namba, na jioni naona kwa jicho moja ndoano ipi iko tupu. Nyumbani, juu ambako mtoto hafiki. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Walikuwa na maana yao, na hawakuwa wanatunza stoo.

Wembe uliokwisha hauendi kwenye pipa la taka ukiwa uchi. Atakayefunga mfuko ule hajui umo. Mimi natumia kopo la bati lenye kifuniko cha kukaza, nimelichana mwanya mwembamba juu, nyembe zinaingia na hazitoki. Likifika robo tatu naziba mwanya kwa tepu, naandika ubavuni NYEMBE kwa maandishi makubwa, na linakwenda na vyuma chakavu. Kopo moja linanichukua zaidi ya mwaka.

Jaribio la wino

Hili la mwisho nimelibuni mwenyewe na halina gharama. Kile kisu kilichonipa kovu bado ninacho. Nimekitoa wembe, mahali pake nimetia kipande cha plastiki laini nilichokata kwa umbo lile lile, nacho nakipaka wino wa mhuri. Akija mtu mpya namkabidhi pamoja na katoni tano zilizofungwa kwa tepu nyembamba ya karatasi inayopasuka hata kwa plastiki, na simwambii natafuta nini. Namwambia tu afungue kwa kasi yake ya kawaida. Akimaliza namwomba anionyeshe mikono yote miwili, viganja na migongo, na suruali mbele.

Mara nyingi wino uko kwenye kidole gumba cha kushoto, au kwenye paja juu kidogo ya goti. Huyo namwekea ndoanoni kisu kinachojirudisha chenyewe, ile namna ya pili, na hatubishani. Asiyekuwa na wino popote, nampa katoni nyingine tano na kumwambia gari la mizigo limeshafika getini.